Jinsi Moto wa Msitu Unavyoenea, Pamoja na Mchezo wa Kujifunzia

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati na makatibu wa vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa vinavyopakana na msitu wa Mlima Kilimanjaro.)



Nimeombwa nizungumze juu ya moto wa msitu, na hasa juu ya namna uendavyo. Sikuombwa nieleze sheria, wala adhabu ya mtu awashaye moto ovyo. Hayo yamekwisha kuandikwa katika nyaraka nyingi, na nyaraka hizo zimebandikwa katika kuta za ofisi zenu mpaka zimegeuka rangi. Jambo ambalo halijasemwa vya kutosha ni moto wenyewe: hula nini, hupita wapi, hukimbia saa ngapi na hulala saa ngapi. Mwanachama anaitwa kwa yowe saa nane za mchana, anaacha kazi yake, anapanda mlimani na tawi la mti mkononi, kwenda kupambana na kitu asichokijua tabia. Akirudi salama tunasema amefanya kazi ya ujamaa. Asiporudi tunachanga rambirambi. Mimi naona chama kinachomwita mtu huyo kinapaswa kumpa maarifa kabla ya kumpa tawi.

Mwishoni nitawaeleza mchezo mmoja uchezwao kwa buni, mahindi na dadu, ambao kamati yoyote inaweza kuucheza chini ya mti kwa muda wa saa mbili. Lakini mchezo hauna maana kwa mtu asiyejua sababu ya kanuni zake, kwa hiyo tuanze na sababu.

Moto hutaka vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa, na joto. Ukiondoa kimoja, unakufa. Hayo kila mtoto wa shule anayajua. Lisilojulikana sana ni kwamba mti wenyewe hauwaki. Joto likiupata mti, kwanza huchemsha maji yaliyomo ndani yake na kuyatoa kuwa mvuke. Maadamu maji yangalipo, joto jingi hupotea katika kazi hiyo. Maji yakiisha, mti huzidi kupata moto mpaka, kwa kiasi cha nyuzi 300 za sentigredi, ukaanza kutoa hewa zenye kushika moto. Hewa hizo ndizo ziwakazo, na ndizo ndimi tuzionazo. Mama jikoni anayepuliza kuni mbichi mpaka machozi yakamtoka anaifahamu habari hii kuliko mimi: moshi ule mzito ni mvuke pamoja na hewa ambazo bado hazijashika.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ukitazama msitu ni hili: maji yamebaki kiasi gani ndani yake? Na hapa unene wa kitu una maana kubwa. Majani ya nyasi na vijiti vilivyo vyembamba kuliko penseli hukauka au kulowana kwa kufuata hali ya hewa ya saa ile ile. Nyasi zilizokuwa na umande saa moja asubuhi zaweza kuwaka kama karatasi saa sita mchana. Gogo nene kama paja la mtu huchukua majuma kadhaa kukauka, na likishakauka, mvua ya siku moja hailirudishi katika ubichi wake. Ndiyo maana mwaka wa ukame ni hatari hata kama juzi ilinyesha: mvua ya juzi imelowesha ngozi tu. Katibu anayesema, “Juzi tulipata mvua, hakuna hatari,” ametazama nyasi na kusahau magogo.

Moto hupita kutoka kitu hadi kitu kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni joto lirushwalo kutoka kwenye ndimi kwenda pande zote, kama lile tulionalo usoni tukikaa mbele ya meko. Ya pili ni hewa ya moto inayopanda juu, ikakausha na kuunguza kila kilicho juu yake. Ya tatu ni makaa na majani yawakayo yarukayo hewani, yakaenda kuangukia mbali. Ukizishika njia hizi tatu, karibu kila tabia ya moto utaweza kuifikiri mwenyewe bila kufundishwa.

Chukueni mteremko. Katika uwanja wa tambarare hewa ya moto hupanda wima ikapotea. Katika ubavu wa mlima, ndimi huinamia ardhi iliyo juu yake, zikakausha nyasi za mbele kabla moto wenyewe haujafika. Wataalamu wana kipimo chepesi cha kukumbuka: kwa kila nyuzi 10 za mwinuko, mwendo wa moto upandao huongezeka mara mbili. Mwinuko wa nyuzi 20 humaanisha mara nne, na wa nyuzi 30 mara nane. Binadamu ni kinyume chake kabisa: kila mwinuko unavyozidi ndivyo pumzi zinavyomwisha. Basi anayekimbia moto kwa kupanda mlima anashindana mashindano ambayo kwayo mwenzake anaongezewa mbio na yeye anapunguziwa.

Tarehe 5 Agosti 1949, katika bonde la Mann Gulch, jimbo la Montana huko Marekani, jambo hili lilithibitika kwa gharama kubwa. Vijana 15 wazima moto waliteremshwa kwa miavuli, na mlinzi mmoja wa msitu akajiunga nao. Walikuwa wakishuka kuelekea mtoni, moto ukiwa upande wa pili wa bonde. Makaa yakaruka bonde na kuwasha nyasi chini yao, kati yao na mto. Wakageuka, wakaanza kupanda ubavu mkali wenye nyasi kavu, na moto nyuma yao. Kiongozi wao, Wagner Dodge, alipoona kwamba hawataufikia ukingo wa mlima, alifanya jambo ambalo vijana wake hawakulielewa: aliwasha kiberiti, akazichoma nyasi zilizokuwa mbele yake mwenyewe, kisha akaingia katika majivu yake na kulala kifudifudi. Akawaita waingie pamoja naye, hakuna aliyeingia. Moto mkubwa ulifika, haukukuta cha kula mahali pale, ukampita. Wawili tu kati ya wengine waliweza kufika juu na kupita katika ufa wa mwamba. Waliokufa walikuwa 13.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu lina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mahali palipokwisha kuungua ndipo pa usalama. Mtu akizingirwa, majivu ni rafiki yake kuliko msitu mbichi alio nao mbele. La pili ni chungu zaidi: kiongozi alikuwa na maarifa, wafuasi hawakuwa nayo, na saa ile ya hatari haikuwa saa ya kuanza kufundishana. Vijana wale walikuwa wamefunzwa na kulipwa kwa kazi hiyo. Wanachama wetu je?

Tuendelee. Korongo jembamba hufanya kama bomba la moshi: huvuta hewa kutoka chini na kuitupa juu, na moto ukiingia mdomoni mwake utatokea juu kabla hujahesabu watu wako. Asiingie mtu korongoni akiwa juu ya moto. Ukingo wa mlima, kwa upande mwingine, aghalabu hupunguza mwendo, kwa kuwa upande wa pili moto hulazimika kushuka. Mahali hapo ndipo pa kukata njia ya kuuzuia. Hata hivyo kuna hila moja: moto ushukao huenda polepole, lakini magogo yawakayo na mawe yaliyopasuka huporomoka yakaanzisha moto mwingine chini ya watu. Mkiona vitu vinabingirika, mwekeni mtu wa kutazama chini, asiyefanya kazi nyingine yoyote.

Upepo ndio bwana mkubwa. Hupeleka hewa, huinamisha ndimi, na hubeba makaa. Kwa kukadiria, katika msitu mkavu sana moto huenda kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya mwendo wa upepo, na katika nyasi zilizokauka huenda upesi zaidi. Moto ulioanza mahali pamoja haupanuki kuwa duara. Hurefuka kama yai kufuata upepo. Mbele pana kichwa, nyuma pana mkia, na kushoto na kulia pana mbavu. Kichwa hukimbia, mkia hutambaa, mbavu huenda mwendo wa kati. Watu wasiojua hukimbilia kichwani, kwa kuwa ndiko kunakotisha. Wajuzi huanzia mkiani, palipokwisha kuungua, wakazibana mbavu huku na huku wakielekea mbele, mpaka kichwa kikawa chembamba.

Lakini mbavu nazo si za kuaminiwa, maana upepo hugeuka. Tarehe 16 Februari 1983, katika majimbo ya Victoria na Australia Kusini huko Australia, mioto mingi ilikuwa ikienda kusini kwa upepo wa kaskazini. Jioni upepo uligeuka ghafla ukavuma kutoka kusini-magharibi. Ubavu wote mrefu wa moto, wa kilometa nyingi, ukawa kichwa kwa dakika chache. Watu 75 walikufa siku ile katika majimbo hayo mawili. Miongoni mwao walikuwamo wazima moto 12 wa kujitolea, raia kama ninyi, waliofia mahali pamoja penye jina la Upper Beaconsfield baada ya upepo kugeuka.

Sisi tunaoishi mlimani tuna mgeuko wa upepo wa kila siku, nao hauhitaji redio kuutangaza. Mchana jua hupasha ubavu wa mlima, hewa hupanda. Usiku ubavu hupoa, hewa hushuka. Moto ulio juu yetu mchana huelekea kilele, na watu wa chini huona moshi ukienda zake, wakajisemea kwamba haliwahusu. Usiku waweza kuanza kuteremka. Mtu asijenge matumaini yake juu ya alivyouona moto saa tisa alasiri.

Nimesema upepo hubeba makaa. Tarehe 7 Februari 2009, huko huko Victoria, katika mioto iliyoua watu 173, makaa ya magome ya mikaratusi yalipeperushwa yakawasha moto mwingine zaidi ya kilometa 30 mbele. Mikaratusi ile ya Australia ni ndugu wa mikaratusi yetu tunayoipanda mipakani mwa mashamba. Gome lake hubambuka kwa vipande virefu vyepesi, na majani yake yana mafuta. Sisemi tuing'oe yote. Tunahitaji nguzo na kuni. Nasema tu kwamba safu ya mikaratusi iliyo kati ya msitu na ghala la chama, pamoja na magome yake yaliyorundikana chini, ni jambo la kamati kulitazama kabla ya kiangazi. Na njia ya kuzuia moto, hata ikifagiliwa vizuri namna gani, huzuia moto utambaao chini. Moto urukao hauzuiliki kwa njia. Hutaka watu wasimame nyuma ya njia, wakitazama upande ule usio na moto.

Juu ya aina za moto nitasema kwa ufupi. Uko utambaao juu ya ardhi, ukila nyasi na majani makavu. Huo ndio mwingi, na huo ndio uzimikao kwa matawi. Uko upandao vileleni mwa miti. Huu huhitaji ngazi: kichaka kinachogusa tawi la chini, tawi linalogusa tawi, na zile ndevu za kijivu ziitwazo usnea zining'iniazo kila mahali katika miti ya juu. Hakuna mtu azimaye moto wa vileleni kwa mikono, mtu huuondokea. Tatu, uko moto uingiao ardhini katika mboji na mizizi. Huu hauna ndimi, hauna sauti, na kwa siku nyingi hutoa moshi kidogo tu. Watu hushangilia, hurudi nyumbani, na upepo wa siku ya tano ukaufufua. Baada ya kuzima, hapana budi kuchimba, kugeuza udongo, kumwaga maji, na kupima kwa mgongo wa mkono ulioletwa karibu na majivu. Zile pampu za mgongoni tunazopulizia mrututu katika kahawa hufaa sana kwa kazi hii, zikiisha kuoshwa. Sijui kwa nini vyama vingi huzifungia stoo siku ambazo msitu unaungua.

Sasa tuutazame mlima wetu wenyewe. Msitu wetu mnene wa kati ni mbichi. Moto wake ni wa shida mpaka ukame uwe mkali. Hatari kubwa iko juu yake, katika ukanda wa miti na vichaka vya erika, kiasi cha meta 3,000 na kuendelea. Erika ina majani madogo kama sindano, hushika moto ingali mbichi, na husimama katika nyasi zikaukazo upesi kwa jua kali na hewa kavu ya juu. Mwezi wa Oktoba 2020 moto ulianza Whona, mahali wapumzikapo wapanda mlima kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Mamia ya watu walipanda kuuzima: askari wa hifadhi, wanafunzi, wanavijiji. Hakukuwa na barabara ya gari, wala maji ya karibu ya kutosha. Ulipodhibitiwa, kiasi cha kilometa za mraba 95 zilikuwa zimeungua. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, moto mwingine ukazuka upande wa kusini karibu na kambi ya Karanga.

Watu wengi hulia juu ya theluji ya Kibo, na wageni huja kuipiga picha kabla haijaisha. Mwaka 2005 mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, aliyeichunguza mimea ya Kilimanjaro kwa miaka mingi, alichapisha matokeo yanayotufundisha kutazama chini kidogo ya theluji. Alionyesha kwamba, kwa upande wa maji, kuteketea kwa misitu ya juu kwa sababu ya moto ni hasara kubwa kuliko kupungua kwa barafu. Misitu ile huchuja ukungu. Mawingu yakipita, majani na ndevu za miti huyakamata matone, yakadondoka chini, yakaingia udongoni. Msitu ukiondoka, ukungu hupita kama mgeni asiyekaribishwa. Ndugu wajumbe, mifereji yetu, ile mifongo iliyochimbwa na wazee wetu, hutegemea maji ya mlima. Kahawa yetu ya kukobolewa kwa maji pia. Mjumbe anayesema moto wa erika ni shauri la watalii na hifadhi, namwomba ahesabu maji anayotumia katika mashine ya kumenyea wakati wa mavuno.

Kuhusu chanzo cha moto, tumezoea kumtaja mrina asali, na kweli mwenge uliotupwa ovyo umeshachoma misitu mingi. Walakini wako pia wapishi wa kambini, wawindaji wa magendo, wachoma mkaa, wafugaji watakao majani machanga, na mkulima anayechoma magugu mchana wa upepo. Kumlaumu mmoja daima huwapa wengine usingizi. Tena mrina asali anajua vichochoro vya msitu kuliko afisa yeyote. Siku ya moto ningependa awe upande wetu, akituongoza.

Nafika kwenye mchezo. Umetokana na wazo la kwamba watu wazima hawapendi kukaririshwa, bali hupenda kushindana. Chezeni katika mlima wa kubuni, wala si mlima wetu. Tukichora mlima wetu, mtu atasema mraba ule ni shamba la fulani, na mkutano utageuka baraza la mipaka. Upeni mlima huo jina mlitakalo. Vijana wa sekondari wakitaka kuweka joka litemalo moto liwe ndilo chanzo, waacheni waliweke. Hata moto uliotemwa na joka, ukishagusa nyasi ni moto wa nyasi tu, na utafuata mteremko na upepo kama mwingine.

Chora mchangani miraba 10 kwa 10, kila mmoja ukiwa mfano wa meta 100. Upande mmoja ni juu, mwingine ni chini. Mistari miwili ya chini ni migomba na kahawa, minne ifuatayo ni msitu mbichi, miwili ni vichaka vya erika, miwili ya juu kabisa ni nyasi. Tawanya pia miraba michache ya nyasi kavu na vichaka katikati ya msitu, penye maeneo yaliyowahi kuungua zamani. Weka punje ya mahindi kwa nyasi, harage kwa kichaka, na buni kwa msitu na shamba. Mraba uwakao uwekewe kizibo cha chupa. Uliokwisha kuungua uachwe mtupu. Kijiti kilale kuonyesha upepo. Mchezo unaanza saa nane mchana, upepo ukipanda mlima, na kila zamu ni robo saa.

Katika kila zamu, mraba uwakao hurushiwa dadu kwa kila jirani wake wa pande nne ambaye hajaungua. Nyasi hushika kwa 4 na kuendelea, kichaka kwa 5 na kuendelea, msitu kwa 6 peke yake. Jirani akiwa upande wa juu, ongeza 1; akiwa upande uendako upepo, ongeza 1; akiwa chini, punguza 1; akiwa upande utokako upepo, punguza 1. Msitu mbichi hauongezewi wala haupunguziwi kitu, isipokuwa msimamizi ametangaza mwanzoni kwamba mvua imekosekana miezi miwili. Nyasi au kichaka kilicho juu kikishika, kinarushiwa dadu papo hapo kwa jirani wa juu yake, na hivyo hivyo mpaka dadu ikatae. Hii ndiyo kanuni ya mlima, na hii ndiyo itakayowatoa jasho. Kichaka kikishika kwa dadu yenyewe kuonyesha 6, kaa limeruka: hesabu miraba mitatu kufuata upepo, na hapo kama pana nyasi, zimewaka. Nyasi huwaka zamu moja, kichaka mbili, msitu nne.

Kila zamu ya nne, mrushie upepo dadu: 1 ugeuke robo kuelekea kushoto, 6 robo kuelekea kulia. Zamu ya 16 jua limetua, na upepo unashuka mlima hata kama wachezaji wamechoka.

Wachezaji nao wagawane nafasi. Mmoja awe mwenyekiti wa chama cha kubuni, mmoja katibu mwenye daftari la majina ya waliopanda, mmoja mrina asali, mmoja askari wa msitu, mmoja mama aliyekwenda kukata majani ya ng'ombe pamoja na wanawe, na wengine wanachama wa kawaida. Mtu huenda miraba miwili akishuka au akiwa sawasawa, na mmoja tu akipanda. Wawili hufyeka mraba wa nyasi kwa zamu moja, wanne mraba wa kichaka. Mtu aweza pia kuwasha nyasi za mraba ulio karibu naye kwa makusudi, na zamu ifuatayo akaingia katika majivu yake. Mraba mtupu haushiki tena, na aliye humo yu salama. Ambaye mraba wake umewaka ametoka mchezoni, na katibu amwandike jina. Mrina asali pekee aruhusiwe kupita msituni miraba miwili kwa kupanda, kwa sababu niliyokwisha kuitaja.

Yamkini mara ya kwanza mtawapeleka watu wote juu ya kichwa cha moto, na kufikia zamu ya tano daftari la katibu litakuwa na majina mengi. Msikasirike, wala msibadilishe kanuni. Chezeni tena siku nyingine kwa kuanzia mkiani. Halafu mbadilishane nafasi: mwenyekiti wa kweli awe yule mama mwenye watoto, na mwanachama wa kawaida awe mwenyekiti, aone ugumu wa kuamua watu waende wapi hali moshi umefunika kila kitu. Msimamizi awe mtu asiyependa mabishano. Kama hamna dadu, andikeni tarakimu 1 mpaka 6 katika vikaratasi, mviweke ndani ya kofia.

Baada ya mchezo, kamati ijibu maswali machache na kuyaandika katika kumbukumbu za kikao. Yowe likipigwa kesho, nani anaongoza? Nani anaandika majina ya waendao, na nani anayahesabu warudipo? Pampu ngapi ni nzima, na ufunguo wa stoo anao nani siku ya Jumapili? Mahali gani pa wazi, palipofyekwa au penye mwamba, ndipo pa kukimbilia, na je, kila mwanachama anapajua? Makatibu walete majibu hayo kwa maandishi pamoja na taarifa zao za robo mwaka, kabla ya mwisho wa Julai, kwa kuwa Agosti hadi Oktoba ni miezi yetu ya hatari.

Kanuni za mchezo zimepigwa chapa, na kila katibu atachukua nakala mbili mezani pale mlangoni: moja ya faili, nyingine ya kuchezea. Sasa niko tayari kwa maswali.